Saa Moja

Makasi yalimdondoka Mzee Ndahani
kwenye mstari wa tatu wa mizabibu, Hombolo.
Akainama kuyaokota, mkono ukakataa,
mdomo ukaenda upande, neno likabaki nusu.
Mkewe alisema ni upepo mbaya.
Jirani alisema: pikipiki, haraka.

Mapokezi wakauliza kama fomu inavyotaka:
mara ya mwisho kuonekana mzima, saa ngapi?
"Saa moja," akajibu mama.
Karani, kijana wa mwandiko safi,
akaandika 1:00.

Daktari akasoma saa saba ya usiku.
Ukutani ilikuwa saa tatu asubuhi.
Akahesabu kwa vidole, akatikisa kichwa:
muda wa dawa ya kuyeyusha bonge umepita.
Tukamlaza. Tukamgeuza kila baada ya saa mbili,
tukampima kumeza kwa kijiko cha maji.
Kila kitu kwenye orodha, tiki, tiki, tiki.

Jioni, akijifunga upya kanga yake,
mama akasema, kama anayeongea na ukuta,
"Na umande ulikuwa haujakauka."

Umande.
Nilisimama na kipimajoto mkononi.
Nani anapogoa zabibu gizani?

Sikumwambia.

Kwenye kikao cha Jumatano waliomba kompyuta.
Mimi niliomba rula.
Nikachora safu mpya kwenye daftari la mapokezi:
kijua, kimwezi, zungushia kimoja,
na chini yake: alikuwa akifanya nini?
Wakacheka. Sista Mbukwa anachora kama mtoto wa chekechea.

Sasa safu ile imejaa.
*Anakamua, bado ng'ombe wawili.*
*Anatawadha, adhana ya alfajiri.*
*Anasonga ugali wa mtama, mwiko umeanguka.*
*Anamsuka mjukuu, upande mmoja umeisha.*
Nasoma, nahesabu, napiga simu,
na chumba cha picha ya kichwa kinafunguliwa
machela ikiwa bado getini.
Si kila mara. Kuna siku umeme unakatika,
kuna siku wametoka mbali mno, Chipogolo huko,
na kijua nilichozungushia ni cha jana.

Mzee Ndahani huja kliniki kila mwezi.
Anapogoa kwa mkono wa kushoto siku hizi, polepole.
Huniletea zabibu kwenye mfuko wa kaki,
nami nazila zote, na mbegu zake.
Juzi aliniuliza ni saa ngapi.
Nikamjibu: saa nne, mzee. Saa nne ya asubuhi.