Kila Kilomita Nne

Lilizima bila kukohoa,
kama taa mtu anapopitisha mkono ukutani.
Marobota thelathini ya sufu mgongoni,
uwanda wa Santa Cruz mbele, uwanda nyuma,
na upepo, ambao kule si hali ya hewa.
Ndio mwenye nyumba.

Shangazi Ercilia aliliacha liserereke hadi kando,
akavuta breki, akanyonga ufunguo.
Stata ikazungusha kwa nguvu zote. Injini haikushika.
"Betri nzima. Tazama bomba la moshi."
Nikatazama. Hata ukungu hapakuwa.
"Basi linatafuna mdomo mtupu."

Dizeli haina plagi, alisema akifunua boneti,
haiombi cheche kwa mtu.
Inataka hewa ibanwe mpaka ipandwe na hasira,
kisha tone la mafuta, kwa saa yake.
"Hewa tunayo," akasema,
na kofia yake ikaruka, ikaenda zake Atlantiki.
Hatukuifuata.

Waya wa kuzimia: haukukwama.
Filta: ya wiki iliyopita.
Akalegeza skrubu ya juu, akasukuma pampu ya mkono.
Lingetoka povu, tungesaka mpira uliopasuka.
Halikutoka povu. Halikutoka chochote.
Kitufe kilishuka chini ya dole gumba lake
kikabaki kule kule chini, kikakataa kupanda.
"Inavuta," alisema, "ila kuna aliyeshika upande wa pili."

Mimi, miaka kumi na mitano,
nilikuwa nimeshika tochi mchana kweupe.

Alifungua paipu, akaitia kinywani,
akapuliza kuelekea tangini mpaka shingo ikamvimba.
Gudugudu, tangi likajibu.
Akatema, akafunga, akatoa hewa nozeli moja moja,
na lori likaamka na wingu jeusi
ambalo mwenye nyumba alilifagia papo hapo.

Tulikwenda kilomita nne.
Likazima.
Akapuliza tena. Kilomita nne tena.
Guanako watatu juu ya kilima walitutazama
kama majirani wasiotaka kuulizwa kitu.

Mara ya tatu hakushuka.
Alikaa na mikono juu ya usukani, inanuka dizeli,
akafikiri kwa sauti:
"Mchanga ukiziba, umeziba. Maji yangelitikisa kwanza.
Hiki kinaziba, kikipulizwa kinaachia,
kinaelea kidogo, kinarudi mdomoni.
Ni kitu chepesi. Kipana.
Hakikuzaliwa humo ndani."
Kisha, macho yakiwa kwenye kipimo cha mafuta, si kwangu:
"Asubuhi nani alijaza?"

Mimi.
Kwa akina Huenchul, kabla ya jua.
Dumu lao lilivuja shingoni, nikalikaba kwa nailoni.
Wakati wa kumimina, vidole vimekufa ganzi,
niliiona ikiteleza, nyeupe, ikiingia kwenye giza lile.
Nikafunga kifuniko. Nikajiambia tangi ni kubwa.
Mficha maradhi, kifo humuumbua; sawa,
lakini mimi niliyaficha ya lori,
nalo halikuniumbua.
Lilikufa tu, kila kilomita nne, kwa adabu.

Alikata waya wa ua wa watu, akaupinda ndoana.
Ilichukua muda wa kuchemsha maji mara mbili.
Ilipotoka ilikuwa ndogo kuliko kiganja.
Upepo uliitaka. Hakuupa.
Akaikunja, akaitia mfukoni pamoja na leseni,
akanena: "Fukia mtaro ule wa mafuta, ng'ombe wasilambe."

Kilomita ya nne tulinyamaza wote wawili.
Ya tano akanyosha mkono,
nikammiminia chai chungu kibuyuni.

Sasa nina gereji Comodoro, mlango unafungwa kwa mnyororo.
Wanakuja, wanasema: lilizima lenyewe tu, fundi, ghafla.
Napima kwanza. Moshi. Povu. Kitufe cha pampu.
Swali la nani alijaza naliuliza mwisho,
nikiwa nimeinamia spana,
nikizitafuta namba ninazozijua kwa kugusa,
ili mtu apate pa kusemea.