Daftari la Kaunta

Polisi waliokota maganda ya risasi, wakayahesabu,
wakabeba spika yenye matundu, na kiti kimoja.
Daftari hawakuliomba.
Ninalo mimi, hapa Tabata, jalada limegandiana kwa bia.

Tumsifu fundi friji: supu mbili, elfu sita.
Mwanaidi wa saluni: soda, chipsi, "nitatuma kwa simu."
Kibwana wa muziki: kata kwenye mshahara.
Na kijana mmoja, jina sikumuuliza,
nikaandika tu: Shati Jekundu, elfu nne.
Kufika saa saba usiku
mashati yote yalikuwa mekundu.

Redio ilisema saba. Jioni ikasema tisa,
kisha ikasoma bei ya mafuta.

Nimeshazika mara tatu wiki hii.
Kila msiba, kabla mwili haujainuliwa, mtu husimama:
"Anayemdai marehemu aje aonane na familia."
Nami nipo mkekani, kanga mpaka puani,
daftari limenibana kwapani.
Namdai, ndiyo.
Namdai Tumsifu ile hadithi ya mkwewe na friji,
aliyoikatisha katikati
akageuka kutazama mlangoni, anacheka,
akidhani fataki.

Leo bosi kapaka ukuta rangi, koti mbili.
Kaniuliza jumla ya madeni.
Nimemwambia wamelipa.
Wote?
Wote. Chenji hawakungoja.

Shati Jekundu bado yuko Muhimbili,
anasubiri jina.