Swali la Kumi na Tisa

Kishkwambi kinauliza, mimi nabofya.
Kwa siku moja, huwa unatuma au kupokea
ujumbe mara ngapi kwa simu?
Bi Atwae Nampota, miaka sitini na miwili, Kitangari,
anamenya ming'oko, hanitazami.
"Na za sauti?"
Na za sauti, bibi.
"Na zile ninazosikiliza nikanyamaza?"
Kishkwambi hakina kisanduku cha kunyamaza.

Tunahesabu, mjukuu wake Chande akiwa shahidi,
kuanzia alfajiri ya jana:
salamu, dua, bei ya korosho mnadani Tandahimba,
picha ya keki ya mtu asiyemjua,
salamu tena, msiba,
msiba uleule umetumwa upya na aliyechelewa kuamka.
Arobaini na sita. Nabofya.

Halafu mkono. Unanuka salfa bado.
Mashine inavimba, inanguruma,
inaachia pumzi kidogokidogo
kama mtu aliyekusudia kutukana akaghairi.
Mia sabini na nne kwa mia na nne.
Tunapumzika dakika tano. Napima tena:
mashine haina aibu, inarudia yaleyale.

Dawa unameza, bibi?
Ganda la mung'oko linaanguka.
"Niliacha. Kundini walisema kitunguu saumu,
ndimu, asali, siku ishirini na moja.
Daktari mwenyewe alikuwa akiongea, na koti jeupe."
Daktari gani?
"Si yule wa kwenye simu."

Nikaandika rufaa ya zahanati, kalamu ikitoboa karatasi.
Moyoni nilikwishafunga hesabu:
kundi hili ni ugonjwa,
dozi yake arobaini na sita kwa siku.
Chande, miaka tisa, ndiye aliyeifungua.
"Mwambie ulivyoanguka."

Ilikuwa Machi, barabara imekuwa uji.
Ulimi mzito, mkono wa kushoto si wake.
Mtoto akabonyeza pale penye kipaza sauti
akalia, sekunde kumi na moja,
hakusema neno.
Ukoo mzima ukajua.
Mpwa wa Masasi akampigia jirani,
jirani akampigia bodaboda wa Mkunya,
elfu mbili, elfu mbili, elfu tano,
mia tano ya mwenye mia tano,
na yule aliyetuma kitunguu saumu
alitoa elfu kumi.
Adhuhuri ilimkuta Newala, kitandani, na dripu.

Sekunde kumi na moja za kilio:
kwenye dodoso langu, ujumbe mmoja.
Kitunguu saumu, mmoja.
Keki, mmoja.

Nauliza swali la ishirini kwa sababu ndilo linalofuata.
Kwa siku, unatembea hatua ngapi?
"Bombani na kurudi. Yakikatika, mpaka bondeni.
Hizo ni ngapi?"
Sijui, bibi.
"Basi andika maji."

Saa moja usiku, Newala, upepo unapenya sweta.
Mtandao wa gesti umelala, nimekuja kuutafuta
pembezoni mwa Shimo la Mungu.
Simu inadaka mnara wa ng'ambo ya Ruvuma,
inanikaribisha Msumbiji.
Fomu zinapanda, moja, moja,
kama watu wazima wanaopanda ngazi.
Mashine ninayo begani. Najifunga mwenyewe, gizani,
udadisi tu, si ndiyo kazi yangu.
Namba zinawaka. Hizi siziandiki.
Ujumbe wangu kwa mama, wa tangu Idi,
una alama mbili za buluu
na chini yake hakuna kitu.

Simu inatetemeka. Namba ngeni, sauti, sekunde tisa:
"Mdadisi, umefika? Huko baridi, jifunike.
Vidonge vya kwenye kopo nimevitoa.
Kimoja nimemeza.
Kingine nakitazama."

Fomu yake ilikwisha kupanda.