Gego la Bi Suilan

Miaka mitatu gego lampwita
Bi Suilan wa Wete, mkausha majongoo,
akilishindilia karafuu aokotayo jamvini kwetu,
akicheka nyuma ya upindo wa kanga.
"Kwa nauli ya Mkoani napata papa mzima.
Jino litajing'okea."

Leo nimemburura.
Daktari, kijana wa Kichina, kamuamkia kwa lugha yao;
bibi kanigeukia: "Asemaje huyu?"
Huyu wa kaskazini, yule wa kusini,
maneno hayakutani,
nami Mpemba nimekaa kati, mkalimani
wa Kiswahili kwa Kiswahili.

"Mwambie haliniumi," asema, shavu mkononi.
"Lanipwita. Mambo mawili hayo."

Nikatafuta neno jepesi, sikulipata.
Kijana akatikisa kichwa, akaandika:
jino inauma.