Uzito wa Lori Tupu

Kazi yangu ni kupima malori.
Yanaingia bandarini Duluth na ngano ya Dakota,
yanapanda juu ya bamba la mizani, nami dirishani
nasoma namba, naandika, nagonga muhuri.
Likirudi tupu nalipima tena.
Natoa hili kwa lile. Kinachobaki ndicho mzigo.
Miaka kumi na tisa, hesabu yangu ni hiyo moja.

Jana usiku Annika aliweka karatasi mezani
kati ya chupa ya maziwa na bili ya gesi.
Shahada ya hisabati, miaka minne.
Ada, bweni, vitabu: dola elfu ishirini na sita kwa mwaka,
na mkopo una riba, na riba hailali,
hata Krismasi haipumziki.

Nikachukua penseli. Nikasema, haya, tupime.

Kody wa jirani anachomelea vyuma vya meli,
mwaka wa pili huu, hana deni la shule,
ana gari jipya jekundu
(gari ni la benki, lakini linang'aa).
Annika akasema, "Baba, umesahau kitu.
Miaka minne nikiwa darasani
ni mishahara minne ambayo sitaipokea.
Iandike. Nayo ni gharama."
Mtoto ananiongezea deni mwenyewe, mchana kweupe!
Nikaandika. Penseli ilikuwa nzito.

Upande wa pili, binamu yake Lorraine.
Alisoma hisabati hiyo hiyo, akamaliza, akauza donati
mwaka na nusu, cheti kikiwa kwenye droo ya soksi.
Sasa yuko Minneapolis, kampuni ya bima,
anakadiria watu watakufa lini.
Wanamlipa vizuri.
Hapendi kuulizwa habari za kazi wakati wa chakula.

"Ukichukua wastani," Annika akaanza,
kisha akanyamaza, akatafuna kifutio.
"Lakini wastani si mtu. Hana anwani.
Kuna anayepata mara tatu ya mshahara wako,
kuna anayefundisha huko msituni kaskazini
na kulipa mkopo mpaka mvi.
Sijui nitakuwa yupi.
Ninachoweza kukupimia ni ukubwa wa kutojua kwangu."

Mama yake alikuwa akiosha kikombe kimoja kwa mara ya tatu.
Akauliza bila kugeuka,
"Na ukishindwa mwaka wa pili?"
Friji ikanguruma. Hakuna aliyeijibu.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Sawa. Daftari hili hapa.
Mali ndiyo siioni.

Alipokuwa na miaka kumi na mmoja
dhoruba ilifunga shule, nikaenda naye kazini.
Alikaa juu ya ndoo ya rangi, akatazama malori
saa mbili nzima, kimya. Halafu:
"Baba, ile theluji juu ya turubai, nani anailipia?"
Maana lori hupimwa likija nayo,
humwaga mzigo ndani kwenye joto, theluji inayeyuka,
likirudi ni jepesi,
na kwenye karatasi yangu, yenye muhuri wangu,
ile theluji inaitwa ngano.
Nikamwambia ale mkate wake.

Swali lile, niliweke upande gani?
Halina bei. Halikukopwa popote.
Alikuja nalo.

Karibu na saa sita nikatia sahihi
kwenye mstari wa mdhamini.
Msidhani nilishawishika. Hesabu haikufunga;
zilibaki elfu kadhaa bila pa kukaa,
nikazizungushia duara, nikaenda kulala, sikulala.

Saa kumi na moja unusu alfajiri nikafagia bamba,
nikasubiri namba irudi sifuri.
Ikasita kwenye nane. Ikarudi.
Lori la kwanza lilikuwa limeshawasha taa,
turubai lake jeupe.
Dereva akapiga honi. Nikamwinulia mkono: subiri.
Nikachukua ufagio mrefu, nikapanda.