Ufa Nyuma ya Karatasi

Miaka thelathini na mmoja niliinama mbele ya tanuri
katika kiwanda cha vioo, Toledo, Ohio.
Siku ya kustaafu walinipa saa ya mezani
na keki yenye jina langu limekosewa:
Majchrzak ni konsonanti nyingi kwa sukari kidogo.

Ndipo nikaenda hotelini, kando ya barabara kuu,
nikakaa kiti cha nyuma na daftari jipya.
Kijana mwenye meno meupe kuliko bafu
alitufundisha utajiri kwa vina:

    Chukua ya mnadani, pake rangi uiuze,
    mpangaji tia ndani, kila mwezi akutunze,
    au ununue deni, riba yake ikujaze,
    kisha rudi kitandani, lala, pesa zijikuze.

Nililipa dola mia tisa kwa mistari hiyo minne.
Nimeihifadhi yote. Kwa bei ile, ningethubutuje kuisahau?

Kwenye ngazi za mahakama nikanyoosha mkono:
elfu kumi na moja, nyumba ya ghorofa moja, Mtaa wa Dexter,
bila kuingia ndani, maana kanuni hazikuruhusu.
Mbuzi nilimsikia akilia guniani,
nikadhani ndiyo sauti ya faida.

Niliyoyakuta:
mabomba ya shaba yameng'olewa, ukuta umeachama kama kibogoyo;
bili ya maji ya marehemu, imehamia kwangu pamoja na ufunguo;
rangi yenye risasi, ile isiyohitaji bunduki,
kwenye dirisha la chumba cha mtoto;
na kutoka juu, harufu ya kitunguu kikikaangwa.

Bi Odessa Tillery alifungua mlango, mwiko mkononi.
"Wewe ni wa nne," akasema, "tangu ile theluji kubwa.
Wote walikuja na makopo ya rangi."

Wahenga walituonya juu ya ufa usiozibwa.
Hawakuutaja ule uliobandikwa karatasi ya maua,
ukapigwa picha mchana, jua likiwa upande wake.

Fundi Duane alichukua nusu ya malipo
akaaga kwamba anakwenda kununua mbao.
Huu mwaka wa tatu.
Nadhani anaipanda miti mwenyewe.

Binti yangu Corinne, mhasibu, alifungua daftari langu.
"Baba, hukuweka mstari wa miezi isiyo na mpangaji.
Wala wa paa. Wala wa ujinga."
Niliiongeza yote mitatu.
Huo wa mwisho hadi leo ndio wenye tarakimu nyingi.

Kisha kampuni ya Arizona ikapiga simu:
fedha taslimu, mara mbili ya nilichotoa,
mradi juu pawe patupu.
Nikapanda ngazi, notisi imo mfuko wa shati.
Bi Odessa akanishikisha tochi bila salamu,
"Hapa. Upepo unaingia hapa,"
nami nikakigusa kioo cha dirisha lake:
pembeni kilikuwa na kiwimbi,
kile kiwimbi cha tanuri namba mbili,
cha mwaka ule tuliogoma na kurudi kazini na hasira.

Niliteremka na notisi yangu.
Msinipambe kwa wema. Nilipiga hesabu upya:
wakili, miezi mitupu, mabomba ambayo yangeibwa tena.
Ikatoka kwamba abaki.
Corinne akasema hesabu ile ingetoka
popote nilipotaka itokee.

Tarehe tatu, kila mwezi, hunipa bahasha,
mia tano na hamsini, noti zimenyooshwa,
na karatasi ndogo: bawaba, bomba la jikoni, taa ya ngazini.
Nikitoa kodi ya kaunti, bima, na akiba ya paa,
hubaki dola arobaini na moja.

Na mvua ikianza, saa nane za usiku,
naketi kitandani gizani
nikihesabu, kutoka huku hadi Dexter,
tone la kwanza litapitia wapi.