Kalunguyeye, Sehemu ya Pili

Alipokuwa na miaka tisa, Bendegúz ndiye aliyekuwa kalunguyeye:
aliteta na mbweha, akamkopa bundi hela asilipe,
Budapest nzima ikacheka, meno yote nje.

Leo studio ni ileile. Kiti kimeshushwa.
Anafungua kinywa, kumbe sauti imeota ndevu.
Kwenye skrini kalunguyeye hajakua hata mwiba;
midomo inachezacheza, inamsubiri.

Mama Piroska anakohoa kwenye maikrofoni.
"Tuna dubu pia. Ana neno moja tu."

Basi dadake Emőke, pengo mbele,
anavishwa vipokea sauti vikubwa kuliko kichwa.

"Hodi! Nimelowa mpaka miibani! Hodi, we dubu!"

Bendegúz anameza mate.
Ukimya, theluji ya kuchorwa inaanguka.
Kisha, kutoka chini kabisa ya pango:

"Karibu."